Buni ya kukaanga nyumbani: Kariakoo, mkaangaji wa mjini au mzigo wa basi?

Dar es Salaam hailimi kahawa, lakini buni ya kununua, yaani punje mbichi za kahawa, haikosekani. Anayetaka kukaanga mwenyewe jikoni kwake ana milango mitatu ya kubisha: maduka ya viungo na nafaka Kariakoo, wakaangaji wadogo na migahawa inayojikaangia, wengi wao wakiwa upande wa Masaki, Oysterbay na Mikocheni, na mzigo wa kuagiza mkoani unaoshuka na basi Stendi ya Magufuli, Mbezi. Nimenunua kwote na bado nanunua kwote, maana kila mlango una kahawa yake.

Swali linaloulizwa sana ni ipi bora, ya Kilimanjaro, ambayo ni aina ya Arabika, au ya Bukoba, ambayo nyingi ni aina ya robusta. Ukilijibu kabla ya kujua utakunywa nini, utatupa hela. Kahawa chungu ya kijiweni, ile inayokaa kwenye birika juu ya makaa, ikatiwa tangawizi na kunywewa kwa kikombe kidogo na kipande cha kashata, haihitaji Arabika ya daraja la juu. Tangawizi itafunika kila ulichokilipia. Na anayekunywa kahawa ya kuchuja, bila maziwa wala sukari, asijaribu kubana matumizi kwa robusta ya gunia lililokaa wazi. Kila kasoro ya punje ataikuta kikombeni, haina pa kujificha.

Kwa hiyo nalinganisha mambo mawili kwa pamoja: aina ya buni, na mtu anayekuuzia. La pili, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko la kwanza.

Arabika na robusta jikoni

Tanzania tunalima zote mbili. Robusta kwa sehemu kubwa hutoka Kagera: Bukoba, Muleba, Misenyi, Karagwe, Kyerwa. Arabika ni ya nyanda za juu: miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Karatu, Mbozi na Mbeya, Mbinga kule Ruvuma, Tarime upande wa Mara, na Kigoma. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika, ndiyo maana kikombe kile kidogo cha kijiweni kinaweza kumkesha mtu mpaka alfajiri. Arabika ina sukari nyingi zaidi ndani ya punje na uchachu unaochangamsha ulimi.

Hayo yapo kwenye kila maelezo ya kahawa. Yasiyosemwa sana ni jinsi zinavyokaangika. Arabika yetu nyingi huoshwa: tunda humenywa, punje huvundikwa ili utelezi uachie, husafishwa kwa maji, kisha huanikwa kwenye chanja. Matokeo yake ni punje safi, zenye ukubwa unaokaribiana, na makapi machache wakati wa kukaanga. Mlio wa kwanza wa kupasuka, ambao huja punje zikikaribia nyuzi 196 za Selsiasi, unausikia vizuri hata feni ikiwa inazunguka. Kwa anayejifunza hiyo ni faida kubwa, kwa sababu mlio ndio saa yake.

Robusta ya Kagera kwa kawaida haioshwi. Tunda hukaushwa zima juani, likaitwa maganda, na kukobolewa baadaye. Ile ngozi nyembamba ya ndani hubaki imeng'ang'ania punje, na ukikaanga inaachia yote kwa mpigo. Ukiwa ghorofani Sinza na dirisha limefungwa, utafagia makapi mpaka chini ya friji. Mlio wake nao ni mzito, hausikiki kama wa Arabika, na kwa kuwa gunia la kawaida lina punje kubwa na ndogo zimechanganyika, ndogo huanza kuungua wakati kubwa bado ziko rangi ya karanga. Kaangia kibarazani, koroga bila kupumzika, halafu pepeta kwa ungo kama upepetavyo mchele.

Lakini robusta ina sifa ambayo Arabika haina: inavumilia moto. Ipeleke hadi mlio wa pili, punje ziwe nyeusi na zianze kutoa mafuta, bado kikombe kitakuwa kizito na chenye povu. Arabika ya Kilimanjaro ukiifikisha huko, ule uchachu na harufu uliyoilipia umekwenda na moshi, na uliobaki ni uchungu ambao ungeupata kwa nusu ya hela. Wahaya walikuwa na robusta yao kabla ya Mjerumani kufika. Waliichemsha na majani ya kunukia, wakaikausha, na mpaka leo hutafunwa hivyo hivyo na kukaribishiwa mgeni. Anayeidharau kwa sababu amesikia kwamba Arabika ndiyo kahawa ya wenye kujua, ajaribu kwanza robusta ya Karagwe iliyochambuliwa vizuri, ndipo aseme.

Kwa anayetia maziwa, changanya. Robusta sehemu moja kwa Arabika tatu ni mahali pazuri pa kuanzia. Kaanga kila moja peke yake ndipo uchanganye. Ukizikaanga pamoja, moja itaharibika.

Ndani ya Arabika yenyewe, tofauti ya mikoa ipo ila isikutishe. Za Kaskazini, yaani Kilimanjaro na Arusha, zina uchachu ulio wazi, wa kama ndimu, na mwili, yaani uzito wake mdomoni, mwepesi kiasi. Za Mbozi na Mbinga huwa tamu kidogo na laini zaidi. Mimi nikikaanga kwa ajili ya wageni wasiozoea kahawa bila sukari huwawekea ya Kusini, hawakunji uso.

Kilo ya nini?

Kabla ya kulinganisha bei ya muuzaji mmoja na mwingine, uliza unauziwa nini hasa, kwa sababu neno "kahawa ghafi" linabeba vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina hesabu yake.

Cha kwanza ni maganda, tunda zima lililokauka. Ukikoboa kilo moja utabaki na takriban nusu kilo ya buni. Cha pili ni pachimenti, punje iliyooshwa na kukaushwa lakini bado imo ndani ya ganda lake gumu la rangi ya majani makavu. Kilo moja hutoa kama gramu 800. Cha tatu ni kahawa safi, buni iliyokobolewa, tayari kwa kikaango. Na hiyo nayo, ukiikaanga, hupoteza maji na makapi: asilimia 15 hivi ukiishia kwenye hudhurungi, hadi 20 ukienda kwenye weusi.

Piga hesabu mpaka mwisho. Kilo ya kahawa safi inakupa kama gramu 830 za kusaga. Kilo ya pachimenti inakupa 660 hivi. Kilo ya maganda, 400 na kidogo. Mtu akikuambia ya kwake ni nusu ya bei ya mwenzake na kumbe ni maganda, hakuna alichokupunguzia, na kazi ya kutwanga amekuachia wewe.

Hata hivyo usiikimbie pachimenti. Ganda lile ni ulinzi: kahawa hukaa ndani yake muda mrefu kuliko ikishakobolewa, na kwa joto na unyevunyevu wa Dar hilo ni jambo la maana. Kama una kinu nyumbani, twanga kidogo kidogo kadiri ya unachokaanga wiki hiyo, kwa mchi mwepesi usivunje punje, kisha upepete. Familia nyingi za Kilimanjaro zinazoonyesha wageni jinsi kahawa inavyoandaliwa, kama kule Materuni juu ya Moshi, zinafanya hivyo hivyo kwa kinu na mchi.

Kariakoo

Faida ya Kariakoo ni kwamba unanunua kiasi unachotaka, leo hii, bila kumpigia mtu simu. Robo kilo sawa, kilo tano sawa. Nyingi utakayoikuta ni robusta, kwa sababu wanunuzi wakubwa wa pale ni wauza kahawa wa mitaani na wanaosaga kahawa ya viungo. Kwa kahawa chungu, pale ndipo mahali penyewe, na unaweza kupata iliki, karafuu na tangawizi kavu bila kuvuka barabara.

Tatizo la Kariakoo ni historia ya gunia. Mazungumzo huwa hivi:

"Hii ya wapi, kaka?"

"Bukoba hiyo, dada yangu."

"Ya msimu huu?"

"Mpya kabisa, imeingia juzi."

Imeingia dukani juzi, hapo hajasema uongo. Imevunwa lini na imelala kwenye maghala mangapi ni habari nyingine, na mara nyingi hata yeye hajui. Basi inabidi uikague mwenyewe.

Chota kiganja kizima kutoka katikati ya gunia, siyo juu. Angalia rangi: robusta iliyokaushwa na ganda huwa ya manjano au hudhurungi isiyokolea, Arabika mpya iliyooshwa huwa ya kijani chenye ubuluu. Punje zilizopauka kama chaki, zenye madoa meupe, zimevuta maji au zimezeeka. Kisha nusa. Buni nzuri ina harufu ya majani makavu. Ikinuka gunia, mafuta ya taa, samaki wa duka la jirani au ukungu, rudisha. Buni hufyonza harufu za jirani zake, na kukaanga hakuziondoi zote. Halafu ng'ata punje moja. Iliyokauka sawasawa ni ngumu na jino haliachi alama. Ikibonyea, bado ina maji.

Harufu ya ukungu usiifanyie mzaha. Ukungu unaoota kwenye kahawa iliyohifadhiwa na maji unaweza kuacha sumu ambayo moto wa kikaango hauimalizi. Hapo suala si ladha tena.

Mwisho, tandaza gunia kidogo au sinia na uchambue mbele ya muuzaji. Hesabu akilini punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika na vijiwe. Vijiwe ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa sababu kimoja tu kinamaliza mashine ya kusagia. Ukiona kwamba utatupa gramu 100 kwenye kila kilo, bei uliyotajiwa imeshapanda kwa asilimia 11 kabla hujawasha jiko. Mweleze hivyo hivyo muuzaji. Wengi watakupunguzia, na wengine watakuletea gunia la pili kutoka nyuma.

Mkaangaji wa mjini

Wakaangaji wadogo na migahawa inayojikaangia ndio watu wanaojua wanachokiuza. Atakuambia kahawa imetoka wilaya gani, imevunwa msimu upi, imeoshwa au haikuoshwa, na kama una bahati atakuonyesha rangi anayoikaangia. Buni yake imeshachambuliwa. Wengi hawatangazi kwamba wanauza mbichi, ila ukimuuliza kwa heshima, hasa asubuhi mgahawa ukiwa haujajaa, mara nyingi atakupimia kilo moja au mbili.

Utalipa zaidi, na kwa anayeanza nasema lipa. Ukiwa na buni isiyoaminika huwezi kujua kama kikombe kimeharibika kwa sababu ya moto wako au kwa sababu ya gunia la mtu. Ukiwa na buni iliyochambuliwa, kosa likitokea unajua la nani. Tena unaweza kununua pakiti ya kahawa ile ile aliyoikaanga yeye, ukaitengeneza sambamba na ya kwako na kuonja zote mbili kwa wakati mmoja. Hakuna darasa la kukaanga linalozidi hilo, na halina ada.

Ubaya ni kwamba chaguo ni dogo na hubadilika. Kahawa uliyoipenda Januari huenda Aprili haipo, na hatakununulia gunia kwa ajili ya kilo zako mbili. Robusta pia ni adimu kwao, na wengine ukiitaja wanakuangalia kama umeagiza bia msikitini. Kuna duka moja lililoniuzia "Kilimanjaro" ambayo nusu yake ilibaki na rangi ya karanga mbichi baada ya kukaangwa. Punje zinazogoma kubadilika rangi namna hiyo zilichumwa tunda likiwa bichi, na kwenye kikombe zina ladha ya karatasi. Kwa bei ile hazikupaswa kuwemo. Hivyo hata huku, anza na nusu kilo.

Mzigo wa basi

Huu ndio mlango ninaoupenda, na ndio wenye kazi kubwa kuliko yote.

Kahawa yetu kubwa hupita kwenye mfumo ambao hauna nafasi kwa mtu wa kilo tano. Mkulima hupeleka chama chake cha msingi, yaani AMCOS. Chama hupeleka kiwanda cha kukoboa. Kahawa hupangwa madaraja, huingia kwenye magunia ya kilo 60 na kwenda mnadani chini ya usimamizi wa Bodi ya Kahawa, yenye makao yake Moshi. Mnunuzi wa nyumbani haingii humo. Anachoweza kufanya ni kutafuta chama, kikundi au shamba linalouza rejareja kwa wageni na watu wa mjini, ambayo siku hizi yapo, hasa yale yanayopokea watalii. Ukimpata mmoja anayepokea simu na kujibu unachomuuliza, usimpoteze.

Kaskazini ni rahisi kuliko kwingine. Moshi ni takriban kilomita 550, mabasi ni mengi kila siku, na mzigo uliokabidhiwa asubuhi unauchukua jioni. Mavuno huanza Julai na kwenda hadi Desemba, na Desemba ndiyo mwezi ambao nusu ya majirani zako Wachagga wanapanda kwenda nyumbani. Mwombe mmoja akurudishie kilo tatu. Mwambie wazi unachotaka, "pachimenti iliyokauka, ya mwaka huu", la sivyo atakuletea kwa nia njema kahawa ambayo bibi tayari ameshaikaanga na kuisaga.

Kwa Kusini, Mbozi inapendeza kwa sababu Mlowo na Vwawa ziko kwenye barabara kuu ya Tunduma, takriban kilomita 900 kutoka Dar, na basi linapita pale pale. Mbinga ni mbali zaidi na mzigo hubadilisha mikono Songea. Kusini huanza kuvuna mapema kuliko Kaskazini, kwa hiyo Septemba, wakati ya Kilimanjaro bado iko chanjani, unaweza kuwa unakaanga ya Mbozi ya mwaka huo huo. Mwenye kupenda kahawa mbichi ya karibuni anunue kwa kuhama hivyo: Kusini nusu ya pili ya mwaka, Kaskazini kuanzia mwaka mpya.

Bukoba ni safari ya takriban kilomita 1,400. Mzigo unafika, ila gharama ya kuutuma kwa kilo mbili inakula faida yote. Agiza kuanzia kilo kumi au ungana na wenzako wawili. Mavuno ya Kagera ni kati ya Mei na Oktoba. Sisitiza "kahawa safi, iliyochambuliwa", kwa sababu huko neno kahawa peke yake mara nyingi linamaanisha maganda. Na kuna jambo la kuwa nalo makini: butura, biashara ya kumkopesha mkulima hela kahawa ikiwa bado mtini na kuichukua baadaye kwa bei ya kumnyonga. Serikali imeipiga marufuku kwa miaka mingi na bado haijaisha. Biashara ya kahawa ghafi inaendeshwa kwa leseni. Mtu anayekutafuta mtandaoni na magunia, bei ya kutupa na hana karatasi hata moja, achana naye. Nunua kwenye chama au kwa mwenye leseni, dai risiti, na uipige picha risiti hiyo iende pamoja na mzigo.

Maswali ya kumuuliza muuzaji wa mbali ni machache. Imevunwa mwezi gani? Ni maganda, pachimenti au safi? Mmeipima unyevu? Kiwango kinachotakiwa ni kati ya asilimia 10 na 12, na viwanda na vyama vingi vina kipimo. Akikutajia namba bila kusitasita, ni dalili njema. Akisema "imekauka vizuri sana, bosi", omba sampuli ya robo kilo kwanza, ulipie na nauli yake. Usitume hela yote kwa namba ya simu ya mtu binafsi kabla ya kuionja.

Kuhusu kuagiza nje, Ethiopia au Kenya: buni ni mbegu, na kuiingiza nchini kunahitaji kibali cha afya ya mimea. Kwa kilo mbili za kujifurahisha sioni faida.

Madaraja: wapi usiweke hela

AA, A, B, PB, C na kuendelea. Watu wakisikia AA wanadhani ndiyo tamu kuliko zote. Herufi hizo kwa sehemu kubwa zinazungumzia ukubwa wa punje. AA ni zile zinazobaki juu ya chekeche lenye matundu ya milimita 7 hivi. Kahawa ya AA iliyokaa ghalani mwaka mzima itashindwa na B ya juzi, bila ubishi. Ukubwa una faida moja ya kweli kwa mkaangaji: punje zinazolingana hukaangika kwa pamoja. Lakini B nayo imechekechwa, inalingana vile vile, na ni nafuu.

PB ni punje iliyokua peke yake ndani ya tunda badala ya mbili, ndiyo maana ni ya mviringo. Ni sehemu ndogo tu ya mavuno, na Marekani kahawa ya Tanzania imejulikana zaidi kwa hiyo. Kwenye kikaango cha kawaida ina raha yake, kwa sababu inabingirika yenyewe na haina upande bapa wa kuganda kwenye chuma na kuungua. Kama bei yake haijaizidi B kwa mbali, chukua PB. AA waachie wanaotaka kuiweka kwenye chupa ya kioo mezani.

Unyevu wa Dar na kiasi cha kununua

Kahawa iliyokaushwa hadi asilimia 11 hutulia kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hivi. Hewa yetu mara nyingi imepita 70, na masika, Machi hadi Mei, usiseme. Maana yake gunia lililo wazi linakunywa maji kila siku, hata likiwa ndani. Buni inayoweza kukaa mwaka mzima Moshi kwenye ghala la baridi, Dar ikiachwa kwenye mfuko wa salfeti itakuwa imepauka ndani ya miezi michache.

Hifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ile mifuko ya kinga njaa ya kuhifadhia mahindi bila dawa, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, inafanya kazi vizuri kama mmenunua kwa kundi. Kwa kilo tatu, mtungi wa kioo au ndoo yenye mfuniko wa kubana inatosha. Weka mbali na jiko na mbali na viungo. Friji si lazima, na ukiitoa na kuirudisha kila siku, matone ya maji yanayotengenezeka juu ya punje yatakuletea shida uliyoikimbia.

Kwa mtu mmoja anayekunywa vikombe viwili kwa siku, vya gramu 15 kila kimoja, matumizi ni gramu 900 kwa mwezi, yaani kilo moja na kidogo ya buni safi. Basi kilo tatu ni akiba ya kutosha. Kununua kilo 20 kwa sababu bei imeteremka ni biashara nzuri Mbulu au Njombe, siyo Mbagala. Na bei hazitulii: mwanzoni mwa 2025 Arabika kwenye soko la dunia ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana kabla ya hapo, baada ya ukame Brazili, na robusta ilikuwa imepanda vile vile. Muuzaji akikuambia bei ya mwaka juzi haipo tena, huenda hakudanganyi.

Anayeanza leo ningemwambia anunue nusu kilo ya Arabika B au PB kwa mkaangaji wa mjini na nusu kilo ya robusta Kariakoo, azikaange gramu 150 kwa mara moja kwenye kikaango kizito, aziache zipumue siku moja au mbili kabla ya kusaga, kisha aonje. Ikimpendeza ya kwanza, atafute namba ya chama Moshi au Mbozi. Ikimpendeza ya pili, atafute wenzake wawili wa kuchangia mzigo wa Bukoba. Na juu ya kila mtungi abandike karatasi yenye wilaya na mwezi wa mavuno. Mwezi ule aliolipia hauna kazi.